Kadi ya Zawadi ya Duka: Itumike Lini?

Ichukuliwe habari ya mama mmoja, mfanyakazi wa kiwandani mjini Nairobi, ambaye mwishoni mwa mwaka amepewa na mwajiri wake kadi ya zawadi ya duka kubwa la kujihudumia. Kadi hiyo ina thamani ya shilingi 10,000. Binti yake anatarajiwa kuingia shule ya bweni baada ya miaka miwili, na siku hiyo atahitaji sanduku, godoro, blanketi na viatu. Basi mama anaifunga kadi katika kitambaa, anaificha chini ya nguo kabatini, na kuazimia kwamba haitatoka humo mpaka siku ya shule itakapofika. Je, mama huyu ametenda jambo la busara?

Wahenga wamekwisha kulijibu swali hili, lakini wamelijibu mara mbili. Wamesema, "Subira huvuta heri." Wamesema pia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kila methali ina ukweli wake, ila hakuna hata moja inayoeleza ni subira kiasi gani ivutayo heri, na ni kungoja kwa muda gani kuumizako matumbo. Hapo ndipo hesabu inapohitajika. Somo hili linaonyesha jinsi kanuni chache zinazofundishwa katika shule za sekondari, yaani asilimia, vipeo, logi na uwezekano, zinavyoweza kumsaidia mtu kuamua jambo la nyumbani.

KADI NI KITU GANI?

Kadi za zawadi za plastiki zilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1990, zikichukua mahali pa hati za karatasi zilizotumika kabla yake. Siku hizi zinapatikana katika nchi nyingi. Huko Kenya, kwa mfano, waajiri wengi huwapa wafanyakazi wao kadi au vocha za manunuzi wakati wa Krismasi.

Watu wengi huiona kadi kuwa ni fedha. Kwa kweli kadi si fedha, bali ni deni. Aliyeinunua amelitanguliza duka fedha taslimu. Duka nalo limeahidi kutoa bidhaa za thamani hiyo siku itakapodaiwa. Wahasibu wanalijua sana jambo hili. Kadi inapouzwa, duka haliandiki kwamba limefanya mauzo. Huandika kwamba linadaiwa. Mauzo huandikwa pale mwenye kadi anapochukua bidhaa. Na iwapo uzoefu unaonyesha kwamba sehemu fulani ya kadi haitaletwa kamwe, kanuni za uhasibu za kimataifa huliruhusu duka kuihesabu sehemu hiyo kuwa pato lake, kwa utaratibu maalumu.

Kwa hiyo mwenye kuhifadhi kadi kabatini amelikopesha duka. Tena amelikopesha bila riba, bila dhamana, na bila kupanga siku ya kulipwa. Atakayeikumbuka picha hii ya mkopo ataona kwamba mengi yatakayofuata ni matokeo yake tu.

HASARA YA KWANZA: KUPANDA KWA BEI

Maandishi ya kadi hayabadiliki. Shilingi 10,000 za leo zitakuwa shilingi 10,000 baada ya miaka mitano. Kinachobadilika ni bei za bidhaa. Thamani halisi ya kadi, yaani uwezo wake wa kununua ukipimwa kwa bei za leo, hupatikana kwa kanuni hii:

Thamani halisi = K ÷ (1 + b)^m

K ni kiasi kilichoandikwa, b ni kiwango cha kupanda kwa bei kwa mwaka, na m ni idadi ya miaka. Ikikadiriwa kwamba bei zinapanda kwa asilimia 6 kila mwaka, kadi ya mama yule itakuwa hivi:

Leo: shilingi 10,000
Baada ya mwaka 1: shilingi 9,434
Baada ya miaka 2: shilingi 8,900
Baada ya miaka 3: shilingi 8,396
Baada ya miaka 5: shilingi 7,473

Hakuna mwizi aliyeingia kabatini, wala panya aliyeitafuna kadi. Hata hivyo, katika miaka mitano zaidi ya robo ya thamani yake imekwisha kutoweka. Fedha taslimu zilizofichwa kabatini zingepatwa na msiba uo huo. Tofauti ni kwamba fedha taslimu zinaweza kupelekwa benki au katika chama cha akiba na mikopo zikapata riba, kadi haiwezi.

HASARA YA PILI: DUKA KUFUNGWA

Mkopeshaji yeyote hujiuliza kama mdaiwa wake atakuwapo siku ya kulipa. Duka likifilisika, mwenye kadi kwa kawaida huhesabiwa miongoni mwa wadai wasio na dhamana, ambao hulipwa baada ya wengine. Mara nyingi fedha huwa zimekwisha kabla zamu yao haijafika.

Mifano ipo. Mwaka 2008 duka la Marekani lililoitwa Sharper Image liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na likaacha kuzipokea kadi zake lenyewe. Baadaye lilizipokea kwa sharti kwamba mteja anunue bidhaa za thamani isiyopungua mara mbili ya kadi aliyokuja nayo. Mwezi Januari 2013 kampuni ya HMV ya Uingereza, iliyokuwa ikiuza santuri na filamu, iliwekwa chini ya wasimamizi. Kadi za zawadi zilikataliwa, na zikakubaliwa tena baada ya siku chache. Wenye kadi hao walikuwa na bahati, lakini bahati si mpango.

Afrika Mashariki nayo imeona maduka makubwa yakianguka. Mwezi Oktoba 2015 kampuni ya Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Kampuni ya Nakumatt, ambayo wakati mmoja ilikuwa na matawi katika nchi kadhaa za eneo hili, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwezi Januari 2020 wadai wake walipiga kura ya kuivunja. Kabla ya hapo wateja waliona rafu zikiwa tupu. Hili ni fundisho la pekee: hata pale ambapo duka bado liko wazi, kadi haina faida mbele ya rafu isiyo na kitu.

HASARA YA TATU: KUSAHAU NA KUPOTEA

Adui wa tatu yumo ndani ya mwenye kadi mwenyewe. Mwaka 2010 watafiti wawili, Suzanne Shu na Ayelet Gneezy, walichapisha matokeo ya majaribio juu ya tabia ya watu kuahirisha mambo mazuri. Katika jaribio moja baadhi ya watu walipewa hati ya kupata keki na kinywaji katika mkahawa. Wengine waliwekewa muda wa wiki tatu, na wengine muda wa miezi miwili. Walipoulizwa, watu walidhani kwamba wenye muda mrefu ndio watakaozitumia zaidi hati zao. Ikawa kinyume. Katika kundi la muda mfupi karibu theluthi moja walizitumia. Katika kundi la muda mrefu hawakufika hata mmoja katika kila kumi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwenye muda mrefu hufikiri kwamba kesho atakuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko leo. Kesho ikifika huwa leo, na kazi zake ni zile zile. Hali kadhalika, kadi iliyopewa heshima ya "siku maalumu" husubiri siku ambayo hakuna siku ya kawaida inayostahili kuitwa kwa jina hilo.

Sheria za baadhi ya nchi zimejaribu kumlinda mwenye kadi. Nchini Marekani sheria iliyopitishwa mwaka 2009 inakataza kadi kuisha muda wake kabla ya miaka mitano. Australia iliweka miaka mitatu kwa kadi zilizouzwa tangu Novemba 1, 2019, na Ireland ikaweka miaka mitano tangu Desemba mwaka huo huo. Sheria za namna hii huondoa hofu ya tarehe. Lakini jaribio la mkahawa linaonyesha kwamba kumwongezea mtu muda si sawa na kumwongezea matumizi. Isitoshe, nchi hazina sheria moja, kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya kadi inapopokewa ni kusoma masharti yaliyoandikwa nyuma yake.

KUZIUNGANISHA HASARA TATU

Sasa hasara hizi ziwekwe pamoja. Yakadiriwe mambo matatu: bei zinapanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, uwezekano wa duka kufungwa katika mwaka wowote ni asilimia 3, na uwezekano wa kadi kupotea au kusahauliwa katika mwaka ni asilimia 5. Hivi ni vipimo vya mfano tu, na kila darasa linaweza kuweka vyake.

Uwezekano wa kadi kubaki hai kwa mwaka mmoja ni 0.97 × 0.95 = 0.9215. Ikigawanywa kwa 1.06 ili kuondoa kupanda kwa bei, hupatikana 0.8693. Kwa maneno mengine, kila mwaka kadi hubakiwa na asilimia 87 hivi ya thamani yake ya mwaka uliotangulia. Thamani tarajiwa ya kadi ya shilingi 10,000, kwa bei za leo, ni hii:

Baada ya mwaka 1: shilingi 8,693
Baada ya miaka 2: shilingi 7,558
Baada ya miaka 3: shilingi 6,570

Maneno "thamani tarajiwa" yasieleweke vibaya. Hayana maana kwamba mama yule atapata shilingi 7,558 kamili. Huenda akapata bidhaa zote, huenda asipate chochote. Maana yake ni kwamba kama akina mama elfu wangeficha kadi elfu moja, wastani wa kila mmoja ungekuwa karibu na kiasi hicho.

JE, PUNGUZO LA BEI LINASTAHILI KUNGOJEWA?

Ipo sababu moja njema ya kungoja, nayo ni punguzo la bei. Ikiwa duka litapunguza bei kwa asilimia 20, bidhaa ya shilingi 100 itauzwa shilingi 80. Wanafunzi wengi husema kwamba hapo uwezo wa kadi umeongezeka kwa asilimia 20. Sivyo. Kadi ya shilingi 80 sasa inanunua bidhaa ya shilingi 100, na 100 ÷ 80 = 1.25. Ongezeko ni asilimia 25.

Basi ni muda gani wa kungoja unaoweza kufidiwa na punguzo hilo? Inatafutwa m ambayo kwayo 0.8693^m × 1.25 = 1. Kwa kutumia logi:

m = log 1.25 ÷ (−log 0.8693) = 0.0969 ÷ 0.0608 = 1.59

Hiyo ni miezi 19 hivi. Kwa hiyo, katika mfano huu, kungoja miezi mitatu au minne ili kupata punguzo la hakika ni jambo la faida. Kungoja miaka miwili ni hasara.

Lakini punguzo haliwi la hakika sikuzote. Ikiwa uwezekano wa kuwapo kwake ni nusu kwa nusu, kinachozidishwa si 1.25 tena, bali ni wastani wa 1.25 na 1, yaani 1.125. Mwenye kufanya hesabu upya ataona kwamba muda wa kungoja unashuka hadi miezi 10 hivi. Tena punguzo lina faida pale tu linapohusu kitu ambacho mtu alikihitaji tangu mwanzo. Anayenunua asichokihitaji kwa nusu ya bei hajaokoa nusu, amepoteza nusu.

FUNDISHO LA DADU

Kuna watu ambao hawangoji punguzo, bali wanangoja kitu kizuri zaidi kitokee dukani. Leo wameona shati zuri, lakini huenda mwezi ujao likaja zuri kulishinda. Mchezo wa dadu hulifafanua jambo hili vizuri, nao waweza kufanyika darasani.

Mwanafunzi anatupa dadu. Nambari inayotokea ndiyo ubora wa bidhaa ya mwezi huo. Anaweza kuikubali na kuacha, au kuikataa na kutupa tena; lakini akifika mtupo wa mwisho lazima akubali chochote. Kadi yenye miezi mitatu iliyobaki ni sawa na mitupo mitatu.

Hesabu huanzia mwisho na kurudi nyuma. Ukibaki mtupo mmoja tu, wastani wake ni 3.5. Ikibaki mitupo miwili, mwanafunzi mwenye busara atakubali 4, 5 au 6 katika mtupo wa kwanza, kwa kuwa zote zinazidi 3.5, akipata 1, 2 au 3 atatupa tena. Wastani wake utakuwa nusu ya 5 pamoja na nusu ya 3.5, yaani 4.25. Ikibaki mitupo mitatu, nambari 4 haitoshi tena, kwani ni ndogo kuliko 4.25, atakubali 5 au 6 tu, na wastani utapanda hadi 4.67. Ikibaki minne wastani ni 4.94, na ikibaki mitano ni 5.13. Kwa hiyo aliye na mitupo sita hukubali 6 peke yake katika mtupo wa kwanza.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, mwenye muda mrefu ana haki ya kuchagua sana, na mwenye muda mfupi hana budi kuridhika na kizuri cha kadiri. Kosa la wengi ni kubaki na kiwango kile kile mpaka siku ya mwisho, kisha kukimbilia dukani na kuchukua chochote. Pili, faida ya kila mtupo unaoongezwa huzidi kupungua: mtupo wa pili uliongeza 0.75, wa tatu 0.42, wa nne 0.28, wa tano 0.19. Hasara za kungoja, kwa upande wao, hazikomi. Kuna siku ambapo faida ya kuangalia tena huwa ndogo kuliko hasara ya kukaa na kadi, na siku hiyo ndiyo ya kununua.

KUMRUDIA MAMA YULE

Mama wa Nairobi anataka kitu kimoja: godoro na sanduku baada ya miaka miwili. Alidhani kwamba njia ya kuvipata ni kuitunza kadi. Iko njia iliyo bora.

Kila mwezi mama huyo hununua unga, sukari, mafuta na sabuni kwa fedha za mshahara wake. Duka lililotoa kadi linauza vitu hivyo hivyo. Basi anunue mahitaji ya kawaida kwa kadi sasa, na zile fedha taslimu ambazo zingelipia mahitaji hayo aziweke akiba. Kwa kufanya hivyo ameigeuza kadi kuwa fedha bila kumwuzia mtu, na deni lake amelipwa kabla mdaiwa hajapata nafasi ya kuanguka.

Hesabu ifanywe. Ikiwa bidhaa za duka lile ni ghali kuliko za sokoni kwa asilimia 5, vitu vya shilingi 10,000 vingepatikana sokoni kwa 10,000 ÷ 1.05, yaani shilingi 9,524. Hizo ndizo fedha anazookoa. Akiziweka mahali penye riba ya asilimia 6, sawa na kupanda kwa bei, thamani yake halisi baada ya miaka miwili itabaki shilingi 9,524. Kadi iliyofichwa ina thamani tarajiwa ya shilingi 7,558. Tofauti ni karibu shilingi 2,000 za leo, ambazo kwa binti aendaye shule si kitu kidogo.

Njia hii ina sharti moja, nalo ni gumu. Fedha zile lazima ziwekwe akiba kweli kweli, siku ile ile. Fedha taslimu huvuja. Kadi, kwa sababu inatumika mahali pamoja tu, huvuja polepole. Mchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, ameeleza jinsi watu wanavyozigawa fedha zao katika mafungu ndani ya fikra zao: hili la chakula, hili la karo, hili la anasa. Ndiyo maana shilingi ya zawadi huonekana kuwa tofauti na shilingi ya mshahara, ingawa dukani zote zinanunua unga ule ule. Mama yule atumie tabia hiyo kwa faida yake: afungue fungu la "shule ya binti" katika chama cha akiba, na alitie humo lile lililotoka katika kadi. Asiyejiamini kwamba ataweza kufanya hivyo, na aende dukani leo akanunue godoro lenyewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Soma masharti na tarehe ya mwisho siku kadi inapopokewa.
2. Kama duka linauza mahitaji ya kila siku, tumia kadi mapema na uweke akiba fedha taslimu.
3. Ngoja punguzo ikiwa tu ni la hakika, liko karibu, na linahusu kitu kinachohitajika.
4. Kama unatafuta kitu bora zaidi, punguza kiwango chako kadiri muda unavyokwisha.
5. Rafu zikianza kuwa tupu, usingoje.
6. Maliza salio. Shilingi 140 zilizosalia katika kadi mara nyingi hazirudiwi. Ni afadhali kuongeza fedha kidogo juu yake na kuimaliza.

MASWALI

1. Kadi ina shilingi 50,000, na bei zinapanda kwa asilimia 8 kwa mwaka. Tafuta thamani yake halisi baada ya miaka 2.
2. Duka limepunguza bei kwa asilimia 10. Uwezo wa kadi kununua umeongezeka kwa asilimia ngapi?
3. Chezeni mchezo wa dadu wenye mitupo miwili mara 60, mkikubali 4, 5 na 6 katika mtupo wa kwanza. Tafuteni wastani, kisha mlinganishe na 4.25. Kwa nini haviwi sawa kabisa?
4. Jadilini: ni katika hali gani mama wa Nairobi angefanya vyema kuihifadhi kadi?

Majibu kwa mwalimu: (1) 50,000 ÷ 1.1664 = shilingi 42,867. (2) Asilimia 11.1. (3) Wastani wa majaribio machache hupotoka kidogo. Kadiri majaribio yanavyozidi kuwa mengi, ndivyo unavyokaribia 4.25. (4) Majibu ni mengi. Wanafunzi wanaotaja duka lisilouza mahitaji ya kawaida, au fedha za akiba zinazoweza kuchukuliwa na haja nyingine za nyumbani, wamelielewa somo.